Daftari la Miguu

Maji yakijaa, hori letu la Siyu hutuama kama ziwa,
hata mgeni mmoja aliwahi kuuliza
tunavua samaki gani wa maji baridi.
Yakipwa, ziwa huondoka bila kuaga,
linaacha tope jeusi, kaa wenye haraka zao,
na kiatu kimoja cha plastiki
ambacho mwenyewe, nina hakika, hajui kama amekipoteza.

Mimi hushona makubadhi.
Chumba changu kimeegemea ukuta uliofiwa na nyumba yake.
Una vidaka vitano. Vilichongwa vibebe kaure,
sasa vinabeba gundi, shazia, nta, redio,
na cha tano nakiacha kitupu, kwa adabu.

Hapa watu walinakili misahafu,
wino mweusi kwa neno, mwekundu kwa pambo;
walisokota ngozi, walichonga viti vya kukalia mabwana.
Watu wa miji mingine huyasimulia haya
kana kwamba tumekufa sote.
Nami nasikiliza, uzi mdomoni.

Baba yangu, Shekuwe, hakuniachia shamba.
Aliniachia daftari:
mifuko ya unga iliyokunjuliwa,
kalenda ya duka la vitambaa, barua ya kudai karo,
zote zimetobolewa pembeni, zimefungwa kwa gidamu kuukuu,
na juu ya kila karatasi mguu mmoja
umezungushiwa penseli.
Wa kulia tu. Wa kushoto, alisema, humfuata mwenzake.

Basi watu nawajua kwa chini.
Huyu Athmani Famau, kisigino kipana kama nanga.
Huyu Bwanaheri, aliyekanyaga chaza;
baba ameandika kando ya pengo: *asibanwe hapa*.
Hii saba ni ya nyumba moja,
kutoka mkubwa hadi kitinda mimba.
Wote wako Mombasa. Nyumba wanalala mbuzi.
Huyu Mwana Hadie, kidole cha pili kimempita gumba.
Walisema atamtawala mumewe,
akamtawala.
Na huu, usiozidi kitana kwa urefu,
mstari umeruka, maana mtoto alikuwa akicheka,
huu ni wangu.
Baba hakuuandikia jina.

Jumatano alikuja mwanamke kutoka Malindi,
akipita kwenye mawe yetu kama anayeyahesabu.
Amria. Mjukuu wa Mwana Hadie.
"Nataka makubadhi kama ya bibi," akasema.
"Aliondoka nayo hapa, akazikwa nayo.
La, nasema tu. Yaliliwa na panya."

Sikujibu. Nikafungua daftari,
nikailaza karatasi sakafuni.
Akavua kiatu, akakanyaga polepole
kama mtu anayejaribu maji kwa mara ya kwanza.

Haukuenea.
Nilitaka uenee; nilikuwa hata na maneno tayari.
Ulipita mbele kwa unene wa kidole,
ukamwagika pembeni, mguu wa mtu wa lami.
Ila kidole cha pili
kilisimama mbele ya gumba, vilevile, bila haya.
Tukacheka.
"Umeolewa?"
"Nilikuwa," akasema, akaendelea kucheka
muda mrefu kuliko mimi.

Sikutafuta karatasi mpya.
Nikamzungushia palepale, nje ya mstari wa bibi yake:
mmoja umefifia rangi ya chai,
mmoja unang'aa risasi ya penseli,
kama alama za maji kwenye mawe ya gati,
bamvua la mwaka huu na bamvua la mwaka ule.
Kisha nikaandika majina yote mawili.
Halafu, kwa kuwa penseli ilikuwa mkononi,
nikarudi nyuma kurasa nyingi,
nikauandikia ule mguu mdogo jina lake.

Nilimwambia viatu tayari Ijumaa.
Uongo. Jumapili.
Ngozi bado imo piponi
inakunywa wekundu wa magome ya mkoko.

Nje ziwa limeanza kurudi.
Linapanda tope, halina haraka,
limekifikia kile kiatu cha plastiki:
limekiinua, limekigeuza,
limekiweka pengine.